Kujifungua na Kuzalishwa: Mzazi na Mkunga katika Historia

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoeleza tukio moja. Mwanamke hujifungua; mwanamke huzalishwa. Katika kitenzi cha kwanza, kiambishi -ji- chamfanya mzazi kuwa mtenda na mtendwa. Katika cha pili, utendaji ni wa mkunga, na mzazi hupokea tu. Swali la nani aamuaye wakati wa uchungu limo, basi, katika sarufi yenyewe.

Hata hivyo, sarufi peke yake si ushahidi wa historia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake Desturi za Wasuaheli kilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alizieleza habari za uzazi kuwa sehemu ya desturi za jamii. Jina la mkunga lakaribiana na kunga, yaani siri au shauri la faragha, na kungwi, mfunzi wa mwari. Mkunga alikuwa mtu wa shauri, naye alizalisha nyumbani, mbele ya jamaa za mzazi. Lakini isidhaniwe kwamba shauri hilo lilikuwa la watu sawa: aghalabu msichana wa mimba ya kwanza aliwatii wakubwa wake. Tena damu ikimtoka mzazi pasipo kukoma, hapana kunga itoshayo badala ya dawa na daktari.

Hospitali ilileta tiba hiyo, ikahamisha na mamlaka. Pumwani, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana. Katika hospitali za namna hiyo mkunga alikuwa mwajiriwa mwenye cheti, aliyefuata kanuni za kazi yake, na mara nyingi hakujuana na mzazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ilitaja huduma ya afya ya uzazi kuwa haki. Mwaka 2013 ada ya kujifungua ikaondolewa katika hospitali za umma. Mlango ulifunguliwa, lakini kufunguliwa mlango si kusikilizwa.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hiyo haidai kwamba mzazi ajua tiba. Yasema ajua uchungu. Mkunga naye ajua dalili na hatari. Uamuzi ukosao mojawapo ya elimu hizo mbili una upungufu, uwe wa nyumbani au wa hospitali.