Katavi: Ni wangapi wanaoulizwa kuhusu bima ya afya?

MKOA wa Katavi ulikuwa na watu 564,604 katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo ya asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 3.2.

Ongezeko hilo linajulikana kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni zahanati wilayani Tanganyika au Mlele. Lisilojulikana sana ni kwamba katika miaka hiyohiyo kumi tafiti nyingi za maoni ya wananchi, zikiwamo zilizouliza kuhusu matibabu, bima na vyanzo vya habari, zilichagua wahojiwa kwa kutumia orodha ya mwaka 2012 au makadirio yaliyotokana nayo.

Hesabu yake si ngumu. Utafiti wa Afrobarometer, ambao nchini umekuwa ukifanywa na taasisi ya REPOA, huwahoji watu wazima wapatao 2,400 nchi nzima. Kwa idadi ya mwaka 2012, Katavi ilikuwa na asilimia 1.3 tu ya Watanzania, hivyo fungu lake ni wahojiwa takriban 30. Kwa idadi ya mwaka 2022 fungu hilo lingepanda hadi 45.

Watu 2,400 wanatosha kusema jambo juu ya taifa. Kosa linalokadiriwa ni asilimia mbili juu au chini. Watu 45 hawatoshi kusema jambo juu ya mkoa. Ikiwa nusu yao watasema kuwa familia zao zilikosa dawa au matibabu katika mwaka uliopita, na hilo ni swali ambalo Afrobarometer imeliuliza kwa miaka mingi, ukweli kwa Katavi nzima unaweza kuwa popote kati ya asilimia 35 na 65. Na kwa kuwa wahojiwa huchukuliwa wanane wanane katika eneo moja la kuhesabia watu, majirani wenye zahanati moja na barabara moja, shaka huongezeka zaidi.

Ndiyo maana ripoti za namna hiyo hazitoi takwimu za Katavi peke yake. Mkoa huunganishwa na jirani zake katika kanda, na msomaji wa Mpanda hupewa jibu ambalo ndani yake mna Sumbawanga au Tabora.

Kwa mtazamo huo, chanzo cha kuaminika zaidi kwa mkoa mmoja mmoja ni Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, unaosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) pamoja na ofisi ya takwimu ya Zanzibar. Ule wa mwaka 2022 ulichagua maeneo 629 na kaya 26 katika kila eneo. Ukigawanya kwa mikoa 31, wastani ni maeneo 20 na kaya zipatazo 520 kwa mkoa. Wadodosaji walikuwa uwandani kuanzia Februari hadi Julai, kabla ya sensa ya Agosti, hivyo nao walitumia orodha ya 2012. Lakini katika tafiti za aina hii kaya za kila eneo lililochaguliwa huorodheshwa upya kabla ya mahojiano, jambo linalowapa wageni nafasi ya kuhesabiwa.

Utafiti huo si wa maoni kwa maana kamili. Hata hivyo humuuliza mwanamke ana bima gani, anasikiliza redio mara ngapi kwa wiki, anasoma gazeti au hasomi, na kama amesikia ujumbe wa uzazi wa mpango katika miezi ya karibuni. Katika ule wa 2015/2016 na ule wa 2022, waliokuwa na bima ya aina yoyote hawakufika wanawake 10 kati ya 100 kitaifa.

Jibu la swali hilo la bima linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 ukiwalenga watumishi wa umma. Kwa wakulima na wafugaji kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa kuanzia 2018, kaya ya mikoani ilitozwa Sh30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita, na kadi ikatambulika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Sasa mdodosaji anauliza: “Una bima ya afya?” Mke wa pili katika kaya ya watu kumi hana jina kwenye kadi ya watu sita. Mwingine anayo kadi, lakini mwaka wake umekwisha na mavuno hayajauzwa. Wa tatu alijifungua bila malipo kwa sababu sera inamsamehe mjamzito, naye anaamini kwamba hiyo ndiyo bima. Majibu yao yote huingia katika safu mbili, ndiyo au hapana.

Zaidi ya hayo kuna lugha. Dodoso huandikwa kwa Kiswahili. Katavi ina Wabende, Wapimbwe na Wafipa, ina wafugaji Wasukuma waliohamia na ng’ombe wao, na ina makazi ya Katumba na Mishamo yaliyoanzishwa mwaka 1973 na 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi wa wakazi hao, pamoja na wenzao wa Ulyankulu mkoani Tabora, wamo miongoni mwa zaidi ya watu 160,000 waliokubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vilianza kutolewa 2014. Bibi wa Katumba anayefikiri kwa Kirundi hukijua Kiswahili cha sokoni. Neno “mchango wa hiari wa bima” ni jambo jingine.

Afrobarometer, kwa sifa yake, huuliza pia mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wadodosaji. Si wachache wanaojibu kuwa ni Serikali. Anayeamini hivyo atasitasita kulalamika kwamba zahanati ya kijiji haina dawa.

Taasisi ya Twaweza ilijaribu njia nyingine kwa utafiti wake wa Sauti za Wananchi, ulioanza kwa simu mwaka 2013. Kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa, kila moja ikapewa simu na chaja ya nguvu ya jua, kisha zikapigiwa mara kwa mara kutoka Dar es Salaam. Ugawaji wa simu uliondoa upendeleo kwa wenye nazo. Haukuweza kuondoa tatizo la mtandao kukatika porini, wala la familia iliyohama na mifugo. Fungu la Katavi humo, kwa idadi ya 2012, ni kaya 26.

Kisha kulikuwa na siasa. Julai 2018, baada ya Twaweza kutoa matokeo yaliyoonesha kushuka kwa kuungwa mkono kwa Rais John Magufuli, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ilihoji kibali cha utafiti huo, na mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akanyang’anywa pasipoti. Septemba mwaka huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015: aliyetangaza takwimu za kupingana na zile rasmi aliweza kutozwa faini isiyopungua Sh10 milioni au kufungwa si chini ya miaka mitatu. Kifungu hicho kililegezwa Juni 2019.

Mwezi huohuo wa Septemba 2018 Wizara ya Afya ilisitisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa na redio na televisheni. Kwa mkoa kama Dar es Salaam pengo hilo lingezibwa na simu ya mkononi. Kwa Katavi, ambako redio ndiyo inayovuka pori, uzito ulikuwa tofauti. Utafiti wa 2015/2016 ulikuwa umeonesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameanza kuzaa au ni wajawazito, kiwango kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nchini dhidi ya wastani wa asilimia 27.

Takwimu hiyo moja ilifanya kazi ambayo kura za maoni hazikuweza kuifanya. Ilitajwa bungeni na katika mikutano ya mkoa, na Katavi ikawa na jina lake katika mjadala badala ya kujificha ndani ya Rukwa, mkoa ilimomegwa mwaka 2012. Utafiti wa 2022 uliiweka Katavi kwenye asilimia 34, nyuma ya Songwe (45) na Ruvuma (37).

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2, 2023. Mafanikio yake mkoani Katavi yatapimwa kwa swali lilelile la kadi, na kwa mara ya kwanza orodha ya kuchagulia wahojiwa itakuwa ile ya sensa ya 2022, yenye vijiji na vitongoji ambavyo mwaka 2012 vilikuwa bado ni msitu.