Molekuli ni zile zile, fuwele ndiyo hubadilika

NAFTHALINI, ile dawa nyeupe ya kufukuza nondo kabatini, ni mojawapo ya kampaundi za aromatiki, yaani zile zenye duara la atomu sita za kaboni. Katika fuwele yake, molekuli hupangwa mshazari mithili ya miiba ya samaki, zikishikana kwa nguvu hafifu mno. Ndiyo sababu huyeyuka kwa nyuzi 80 za Selsiasi tu, na hata kabla ya hapo hugeuka mvuke polepole.

Tangu 1865, Kekulé alipopendekeza duara hilo, wanakemia walibishana iwapo ni bapa au limejikunja. Aliyekata shauri ni Kathleen Lonsdale, akiwa Leeds, Uingereza, mnamo 1929. Benzeni yenyewe huganda chini ya nyuzi 5.5, hivyo aliteua heksamethilibenzeni, ambayo ni yabisi katika joto la kawaida, akaipiga eksirei. Duara lilikuwa bapa. Alikuwa na umri wa miaka 26 hivi, na hesabu zote alizifanya kwa mkono.

Fuwele hiyo ina awamu tatu. Aliyoichunguza Lonsdale ni ya kati. Ikipashwa joto kupita nyuzi 110 hivi, molekuli hujipanga upya ingawa bado ni yabisi. Ikipozwa hadi takriban nyuzi 157 chini ya sifuri, hujipanga kwa namna ya tatu. Katika awamu ya kati kila molekuli huruka-ruka ikijizungusha mahali pake; baridi hiyo kali huzidhibiti.

Mpangilio huu si mchezo wa maabara, kwani dawa nyingi zina maduara hayo hayo. Ritonavir, dawa ya kupunguza makali ya Ukimwi, iliingia sokoni 1996. Mwaka wa 1998 fuwele ya aina nyingine, isiyoyeyuka kwa urahisi, ilijitokeza ndani ya kapsuli. Molekuli haikuwa imebadilika hata chembe, ila mpangilio. Hata hivyo kapsuli ziliondolewa, na wagonjwa wakalazimika kunywa dawa ya maji yenye ladha mbaya. Kapsuli mpya za 1999 zilihitaji jokofu, sharti zito kwa asiye na umeme. Tembe zisizohitaji jokofu ziliidhinishwa Marekani mwaka wa 2010.