Fundi na Kikuza Sauti

Msomaji, ukishuka garini huko Mwiki siku ya Jumapili asubuhi, utasikia sauti za wahubiri zikitoka hema hili na jengo lile, kila moja ikishindana na mwenziwe. (Mwiki ninayoitaja ni ile ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, wala si jirani yake ya Kasarani.) Koo la mhubiri ni kama langu na lako. Kinachoifikisha sauti yake ng'ambo ya barabara ni kisanduku ambacho hakuna akitazamaye mpaka siku kinaponyamaza. Siku hiyo hutafutwa fundi. Nataka nikusimulie habari za fundi huyo, kwa maana katika vitabu vyetu vya historia hana ukurasa.

Kwanza yafaa ujue kikuza sauti hufanya nini. Wengi hudhani kwamba huichukua sauti na kuivimbisha kama puto. Sivyo. Umeme utokao katika maikrofoni ni hafifu mno, nao kazi yake ni kutoa amri tu; nguvu yenyewe hutoka katika waya wa stimu. Ni kama mtoto afunguaye lango la mfereji: mkono wake ni mdogo, lakini maji yapitayo huweza kuzungusha kinu. Mfano huu wawafaa sana watu wa Ruiru, kwa kuwa ni maji ya mto wao yaliyoanza kuupatia mji wa Nairobi umeme mnamo mwaka 1908.

Lango la kwanza lilikuwa valvu, yaani chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, aliyoibuni Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Matangazo ya redio yalipoanza Nairobi mwaka 1928, valvu ndiyo iliyotawala. Valvu huchakaa polepole, nayo huchomekwa katika tundu lake, basi aliyeitambua iliyokufa aliing'oa akapachika nyingine. Hatari ilimkabili fundi mwenyewe, kwani ndani mlikuwa na mamia ya volti, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Mwezi wa Desemba 1947 transista ya kwanza ilionyeshwa huko Marekani, na katika miaka ya 1960 na 1970 ikazifukuza valvu. Hapo kazi ya fundi ikageuka. Transista hazichakai polepole. Hufa ghafula, tena huuana. Zimeungwa moja kwa nyingine bila kizuizi, hata moja ikiungua huichoma jirani yake, na umeme wote wa ndani huweza kuingia katika spika na kuiunguza.

Tangu wakati huo mafundi wamekuwa wa namna mbili. Wa kwanza huona fyuzi imekatika, akatia nyingine. Nayo ikikatika, hufunga waya mnene mahali pake. Moshi hufuata. Wa pili hujua kwamba fyuzi ni mjumbe aliyeleta habari, wala si mkosaji. Huunga balbu ya wati 100 katika njia ya umeme uingiao, kisha huwasha. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia, hakuna umeme unaopita ovyo. Ikibaki inang'aa, ndani mna kitu kilichoshikana, na balbu imeibeba adhabu ambayo ingeziangukia transista mpya. Ndipo achukuapo mita, akapima kila kipande akirudi nyuma kutoka spika mpaka maikrofoni. Naona akili ya mtu huyu haipungui ile ya mwanahistoria atafutaye chanzo cha vita.

Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi mwaka 1973, magari hayo yaliongezeka, na baadaye muziki ukawa chambo cha kuvutia wasafiri. Fundi akapata maradhi mapya ya kutibu: betri ya volti 12, vumbi, na mtikisiko wa barabara unaopasua risasi ya kulehemu. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa imekwisha kutambua umuhimu wa watu wa kazi ndogo ndogo kama hizi, ambao sisi twawaita jua kali. Wengi wao hawakujifunza darasani, bali kwa kuketi kando ya fundi mkubwa wakishika taa.

Siku hizi adui wao mkuu ni transista za bandia. Nje zimeandikwa namba ya kweli. Ukiivunja moja, utakuta ndani kipande kidogo mno cha silikoni, kisichoweza kustahimili mzigo wa ibada moja. Kwa hiyo ukiona katika kibanda cha fundi rundo la vikuza sauti vilivyokufa, usidhani ni takataka. Humo ndimo atoapo transista za kale, ambazo hajapata kuzinunua dukani kwa muda mrefu.