Nani Alisema Wasiwasi ni Ugonjwa wa Wazungu?

Mwambie msee kwamba moyo unakudunda usiku kucha bila sababu, uone jibu. "Hizo ni mambo za wazungu. Jikaze." Nimeisikia kwa matatu, kanisani, hadi kwa WhatsApp ya familia. Chenye wengi hawajui ni kwamba imani kama hiyo iliwahi kuandikwa kama sayansi, tena hapa hapa Nairobi.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Alipopewa hiyo kazi hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliangalia Waafrika waliolazwa, hakuona wengi wenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, akaamua ni nadra kwetu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Humo alidai Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo. Thomas Lambo, daktari wa akili kutoka Nigeria, alimpinga waziwazi.

Sasa hebu fikiria hiyo hesabu. Enzi hizo nani alipelekwa Mathari? Mara nyingi ni yule aliyesumbua watu mpaka wakubwa wakamchukua. Mama aliyeamka alfajiri akalima huku kifua kimembana, siku baada ya siku, hakusumbua mtu. Kwa hivyo hakuhesabiwa.

Kwa maoni yangu, bado tunatumia kipimo cha Carothers. Tunangoja mtu aokote makaratasi barabarani ndio tukubali anaumwa.

Wasiwasi kabla ya mtihani ni kawaida, na hupita. Lakini ukikaa nawe karibu kila siku kwa wiki kadhaa, ukikunyima usingizi, ukikufanya ukwepe darasa, kazi au watu, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo. Moyo ukienda mbio ghafla, jasho likitoka na pumzi kukatika, daktari aupime kwanza. Ukipatikana uko sawa, haimaanishi ulikuwa unaigiza. Wasiwasi nao hufanya hivyo, na una tiba. Na kama umeanza kufikiria kujidhuru, usingoje kesho. Mwambie mtu leo, akupeleke hospitali.

Siku hizi hata Mathari yenyewe ina kliniki ya kuonwa na kurudi nyumbani. Si lazima ulazwe ndio uhesabiwe.