Mgeni au Mvamizi? Historia Fupi ya Upimaji wa Hulka za Kima na Suala la Istilahi

Mwaka 1989, Ned Kalin na Steven Shelton wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa kima aina ya resusi. Mtoto alitengwa na mama yake na kuwekwa kizimbani. Alipoachwa peke yake, aliita kwa sauti nyororo. Mtu asiyemfahamu aliposimama karibu huku akitazama pembeni, mtoto aliganda kimya. Mtu huyo alipomkazia macho, mtoto alibweka kwa uhasama. Aidha, mofini ilipunguza miito, ilhali diazepamu ilipunguza kuganda na kubweka. Hofu, basi, haikuwa kitu kimoja.

Jaribio hilo lilipata umaarufu kwa jina la jaribio la binadamu mvamizi. Hata hivyo, mtu yule hakuvamia chochote; alisimama tu. Jina lilikwisha kutoa hukumu ambayo kipimo chenyewe hakikuitoa.

Mwaka 2001, Lynn Fairbanks wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia mbinu ya jamaa hiyo kwa tumbili wanaofugwa katika makundi. Tumbili wasiyemjua aliletwa ndani ya kizimba na kuwekwa kando ya uwanja wao. Waliomwendea upesi, wakamgusa au kumtishia, walipata alama za juu za sifa inayoweza kuitwa pupa ya kijamii. Lakini mwaka 2004 utafiti wake ulionyesha kuwa madume waliokuwa na pupa nyingi katika ujana ndio walioelekea zaidi kushika nafasi ya juu walipokomaa. Kilichoitwa kasoro kingeweza pia kuitwa ujasiri.

Historia hii inawahusu moja kwa moja wasanifu wa istilahi za sayansi katika Kiswahili. Neno mgeni hubeba maana mbili: asiyejulikana na anayekaribishwa, mvamizi humtia mtu hatiani kabla hajatenda. Vivyo hivyo, pupa hulaumu na ujasiri husifu, ingawa kilichohesabiwa ni muda wa kukaribia na idadi ya vitisho. Inafaa, basi, istilahi ianze kutaja tendo lililopimwa, na jina la hulka lifuate baada ya ushahidi. Mnyama aliyefungiwa hana namna ya kulikanusha jina alilopewa.