Kumchagulia mzazi mzee upinde wa mtambo wa kuwindia

MSIMU wa kuwinda kulungu kwa mishale unapobisha hodi nchini Marekani, kati ya Septemba na Oktoba, swali moja huzuka katika familia nyingi za mashambani katika majimbo kama Michigan, Wisconsin na Pennsylvania. Baba aliyewinda kwa upinde wa kawaida tangu ujanani ameanza kusalitiwa na bega. Hawezi tena kuuvuta ugwe na kuushikilia huku akimsubiri mnyama ageuke. Watoto wake basi huchanga fedha wamnunulie upinde wa mtambo, asije akaukosa msimu.

Nchini Kenya uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, na chombo hiki hakina kazi halali mbugani. Hata hivyo, Wakenya wengi wamelowea Marekani, hususan Minnesota, na aliyeoa au kuolewa huko huenda akajikuta akichangia zawadi ya baba mkwe bila kujua anachokinunua.

Upinde wa mtambo ni upinde uliolazwa na kufungwa kwenye kitako mfano wa bunduki. Ugwe huvutwa nyuma mara moja, ukanaswa na kitasa cha chuma, na hapo hukaa hadi kifyatulio kiguswe. Tofauti yake na upinde wa kawaida imo katika kitasa hicho. Kwa Waata wa Tsavo, waliosifika kwa pinde nzito za kuwindia ndovu, nguvu ya upinde ilikuwa nguvu ya mkono wa mwenyewe tangu kuvuta hadi kuachilia. Katika upinde wa mtambo, mkono hutumika wakati wa kutega tu, kisha chuma huubeba mzigo uliosalia.

Ndiyo sababu sheria za majimbo kadhaa ziliuhusisha upinde huu na uzee. Mwaka 2009, Michigan iliwaruhusu wawindaji wenye umri wa miaka 50 na zaidi kuutumia katika msimu wa mishale. Minnesota iliweka kizingiti cha miaka 60. Wisconsin iliwaruhusu waliotimiza miaka 65, kisha mwaka 2014 ikatenga msimu wa pinde hizo kwa wawindaji wote. Oregon, kwa upande wake, imezikataa katika uwindaji kwa miaka mingi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti, ni sharti kanuni za mwaka huo za jimbo analowinda mzazi zisomwe. Pennsylvania, kwa mfano, hudai upinde wenye uzito wa mvuto usiopungua pauni 125.

Uzito huo wa mvuto ndio kiini cha jambo lote, na ndio wanunuzi wengi wasioupima. Pinde nyingi za kuwindia zina mvuto wa kati ya pauni 150 na 200. Pauni 200 ni takriban kilo 90, yaani gunia zima la mahindi. Ili kuutega upinde kwa mikono mitupu, mwindaji huuelekeza chini, akatia mguu katika kikuku kilicho mbele yake, akainama na kuuvuta ugwe hadi ukwame kwenye kitasa. Mgongo wa mtu wa miaka 70 hautakiwi kufanyiwa hivyo alfajiri penye baridi.

Kuna kamba maalumu ya kutegea, yenye vishikio viwili na kulabu za kunasa ugwe, ambayo huupunguza mzigo huo kwa takriban nusu. Ni rahisi na nyepesi. Lakini nusu ya gunia bado ni kilo 45, na mvutaji angali anainama. Kwa mzee mwenye bega bovu, jongo au aliyewahi kupasuliwa mgongo, kamba haitoshi.

Kinachomfaa ni mtambo wa kuzungusha, mithili ya ule wa kutolea ndoo kisimani. Kamba za mtambo huunasa ugwe, naye mwindaji huzungusha mkono wa chuma polepole hadi kitasa kilie. Nguvu inayohitajika ni ya kilo chache tu. Baadhi ya watengenezaji, kama TenPoint ya Ohio, huujenga mtambo huo ndani ya kitako chenyewe. Kwingineko huuzwa kando, ukatiwa na kutolewa kila mara. Ulio ndani ni bora kwa mzee, kwani hakuna kipande cha kusahau nyumbani au kudondosha majanini gizani.

Muuzaji huzungumza sana kuhusu kutega. Kutegua hakutaji. Ilhali siku nyingi za uwindaji huisha bila kulungu kuonekana, na upinde hauwezi kurudishwa nyumbani ukiwa umetegwa. Kuufyatua bila mshale ni hatari, kwani nguvu yote iliyokusudiwa mshale huurudia upinde wenyewe. Mikono yake inaweza kupasuka na ugwe kukatika. Njia ya kawaida ni kupiga mshale wa mazoezi kwenye shabaha au ardhi laini. Mzee anayewinda peke yake hana budi kutembea na mshale huo na kukumbuka kuutumia. Pinde za kisasa zaidi zina mtambo unaomwezesha mtu kuurudisha ugwe taratibu kwa kuzungusha kinyume. Hapa uangalifu unahitajika: katika miundo fulani, hasa ya zamani, mkono ukiponyoka huzunguka nyuma kwa kasi na kuvunja vidole, na mitambo mingine haikuundwa kuteguliwa kwa njia hiyo kamwe. Lau bajeti inaruhusu kipengele kimoja tu cha ziada, basi kiwe hiki cha kutegua kwa usalama.

Vidole vina adui mwingine. Ugwe hupita juu ya mfereji wa mshale kwa kasi ya kutisha, na kidole gumba kilichochomoza juu ya mfereji huo hukatwa au kupondwa. Mtu aliyezoea bunduki kwa miaka 40 hushika kitako bila kufikiri, na mazoea hayo ndiyo humponza. Upinde ufaao una kingo pana za kuzuia vidole pembeni. Usio nazo uachwe dukani, hata ukiwa wa bei nafuu.

Kuhusu aina, kuna pinde zenye mikono mipana iliyopinda bila vigurudumu, kama zile za Excalibur ya Canada, na zile zenye vigurudumu na nyaya. Za kwanza ni sahili na ugwe wake unaweza kubadilishwa hata msituni, lakini ni pana na aghalabu ni nzito kutega. Za pili ni nyembamba zaidi, jambo linalosaidia ndani ya kibanda cha kuvizia, ila ugwe ukichakaa nyingi huhitaji fundi mwenye mashine. Mzee anayekaa mbali na duka la pinde azingatie hilo.

Kisha kuna kasi, ambayo ndiyo huandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kasha. Upinde wa futi 400 kwa sekunde hugharimu zaidi ya ule wa futi 300, na mtego wake huwa mgumu zaidi. Faida ni ipi? Kwa umbali wa mita 30, mshale wa futi 300 hufika baada ya thuluthi moja ya sekunde, na ule wa futi 400 baada ya robo. Sauti ya ugwe huitangulia yote miwili, kwa kuwa hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kulungu aliyeshtuka huanza kuinama kabla ya mshale kufika. Kinachomwangusha mnyama bila kumtesa ni chembe kali na shabaha tulivu kwa masafa mafupi. Mzee asiyekusudia kupiga zaidi ya mita 35 hana haja ya kuilipia kasi hiyo.

Shabaha tulivu nayo hutegemea macho na mikono. Upinde ukishafungwa darubini na podo la mishale huwa na uzito wa kilo 3 hadi 4, mwingi ukiwa upande wa mbele. Fimbo ya miguu mitatu ya kuegemeza huondoa mtetemo wa mikono kwa gharama ndogo. Darubini yenye alama zinazowaka taa humsaidia mwenye mtoto wa jicho asubuhi na jioni, saa ambazo kulungu hutembea. Isiwe na alama nyingi mno. Mbili au tatu zinatosha. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwulize daktari wake kwanza, kwani kitako hutegemezwa karibu na kifua.

Mishale ni ile tu aliyoitaja mtengenezaji, hususan umbo la kipande cha nyuma kinachokalia ugwe. Kisipolingana, ugwe unaweza kukiruka, ikawa sawa na kufyatua bila mshale.

Bei huanzia takriban dola 300 na kupita dola 2,000. Kiasi kidogo cha fedha hizo kibakizwe kwa ajili ya kibanda cha kuvizia cha ardhini na kiti. Kuanguka kutoka kwenye majukwaa ya mitini ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha mabaya kwa wawindaji wa kulungu, na upinde mpya usiwe kisingizio cha kumrudisha mzee mtini. Kumburuta kulungu aliyeuawa ni kazi nyingine inayouelemea moyo. Gari dogo la magurudumu mawili au kijana wa jirani hutatua hilo.

Leseni ni ya lazima. Mafunzo ya usalama hutegemea mwaka wa kuzaliwa: Michigan huyadai kwa waliozaliwa tangu Januari 1, 1960, na Wisconsin tangu Januari 1, 1973, hivi kwamba wazee wengi wamesamehewa. Kusamehewa huko kusiwahadae watoto. Sheria inamhesabu mzee kuwa mzoefu, ingawa huenda hajawahi kuushika upinde wa aina hii.

Kwa sababu hiyo, zawadi hii haifai kununuliwa kwa siri. Mzazi apelekwe dukani mwenyewe, autege upinde mara tatu mfululizo mbele ya muuzaji, kisha autegue, akiwa amevaa koti zito na glavu za msimu. Akisitasita katika hatua yoyote, aletewe mwingine.