Rufaa Mbili za Mtu Mmoja

Neno rufaa lina makao mawili mjini Bungoma. Mahakamani ni ombi la kupandisha kesi kwa jaji wa juu. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ni kumpandisha mgonjwa kutoka zahanati hadi kwa madaktari wenye vifaa zaidi. Kitale ni vivyo hivyo. Wengi wetu hukutana na rufaa moja kwa wakati. Aliye gerezani akiugua huweza kuzingoja zote mbili, nazo haziendi mwendo mmoja.

Ya kesi imewekewa siku 14 tangu hukumu, na mfungwa akiikabidhi kwa mkuu wa gereza, sheria inamtaka mkuu huyo aifikishe mahakamani. Ya maradhi hungoja barua ya tabibu, gari, mafuta, na askari jela wa kusindikiza. Anayekohoa damu usiku ndani ya seli lazima kwanza aaminiwe na mwenye ufunguo, na huyo si daktari. Rufaa ya hospitali inastahili uzito ule ule wa ile ya mahakama: saa iandikwe, aliyeipokea ajulikane, na anayeikataa aeleze kwa nini. Ibara ya 51 ya Katiba ya 2010 inamwachia aliyezuiliwa haki zake zote, ila zile zisizoweza kabisa kwenda pamoja na kuzuiliwa. Matibabu hayagombani na kufuli.

Jozi ya maneno inayoniuma zaidi ni kutenga na kufunga. Agosti 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wa kifua kikuu waliodaiwa kuacha dawa walifikishwa kortini kwa Sheria ya Afya ya Umma, wakaamriwa wakae gerezani miezi 8 wakitibiwa. Sheria ilikusudia kutenga wenye maradhi ya kuambukiza. Wao walifungwa, kwenye msongamano, na ugonjwa wenyewe husafiri kwa hewa. Walikaa siku 46 kabla ya kuachiliwa. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga vile kulikiuka Katiba. Anayetengwa hutafutiwa dirisha, hewa na muuguzi. Anayefungwa huhesabiwa asubuhi na jioni.

Halafu kuna mahabusu na mfungwa. Mtaani wote ni wafungwa tu, lakini kwa mhudumu wa zahanati ya gereza tofauti yao huamua tiba. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6 bila kukatiza. Siku ya mfungwa kutoka inajulikana, kwa hiyo dozi yake inaweza kupangwa hadi mwisho. Mahabusu hana tarehe. Asubuhi anapanda lori la magereza kwenda kortini. Hakimu anampa dhamana au anaifuta kesi. Jioni yuko kwao Webuye au Kiminini. Kadi yake ya matibabu imebaki kwenye faili, vidonge vimebaki kabatini, na vimelea vilivyosalia kifuani vina nafasi ya kuwa sugu.

Basi kadi ipande lori pamoja na mwenyewe. Kila mahabusu aliye kwenye dawa aende kortini na vidonge vya siku kadhaa, na barua inayotaja kituo cha afya kilicho karibu na kwao. Akirudi rumande, avirudishe zahanati. Asiporudi, muuguzi wa Kiminini atakuwa na pa kuanzia.